Usisogee, Donka

…moshi, tena moshi, kila mwongozaji aliyezaliwa na mwanamke lazima atake moshi, alifikiri Donka, amelala chali kwenye ubao ulioinama ndani ya shimo lililo mbele ya jukwaa, visigino vimekanyaga kipande cha mbao, mkanda umemkaza kiunoni, koti la marehemu msagaji nafaka, yule wa mchezo, limemjaza unga mpaka puani, na taa ya Metodi imemkazia macho kama askari wa mpakani, na huko juu, upande asioweza kuuona, Kaloyan anazunguka ukumbini na viatu vyake vipya vinavyolia kama bata, anasema, "Kidogo tu, Donka, mpenzi wangu, moshi wa chinichini, ili mzimu awe na mahali pa kutokea," mahali pa kutokea! kwani mzimu ni basi, ana kituo? mzimu huwapo tu, unainua macho kutoka kwenye sahani yako ya maharage na huyo hapo, amesimama karibu na jiko, ukuta unaonekana kupitia kifuani mwake, hilo ndilo linalomfanya mtu ashike mkono wa jirani asiyemjua, si moshi, moshi ukipita mbele ya kioo unashika mwanga, mwanga unachora ukingo wa kioo, na bibi wa safu ya kwanza, yule ambaye kila onyesho la kwanza huja na peremende za kufungua kwa kelele, anasema, "Aa, kioo," na kazi ya majira yote ya baridi inaishia mdomoni mwa bibi mmoja… "Usisogee, Donka," alisema Metodi kwenye kipaza sauti, kule nyuma kwenye kibanda chake cha taa, "mkono wako unaelea, haujagusa kiti, shusha… shusha… kidogo tena… hapo, ganda hapo kama nyama ya friji," naye akaganda, bega linawaka moto, kwa sababu mwigizaji ambaye shimo hili ni lake kwa haki, Rangel, amekwenda kwa daktari wa meno, shavu limemvimba kama la mtoto aliyeficha pipi, na mtu pekee katika ukumbi mzima mwenye urefu wake ni aliyebuni mzimu mwenyewe, basi vaa koti, Donka, ingia shimoni, Donka, lala, ganda, na ganda hasa, maana kioo kile kikubwa kuliko ukuta wa nyumba yake, kilichoinama juu yake baada ya kufutwa kwa siki na magazeti, kinachukua sura yake huku chini na kuisimamisha wima kule jukwaani, jikoni kwa mjane, na mtu aliyeko ukumbini sasa hivi hamwoni mwanamke mzima aliyelala shimoni miguu ikimfa ganzi, anamwona mwanamume aliyekufa amerudi nyumbani, mkono juu ya mgongo wa kiti, na ukisogeza mkono upana wa kidole tu, marehemu anashika hewa, taa zote zianze upya, na kesho ni mazoezi ya mavazi, na Jumamosi… Jumamosi ni harusi ya Biliana, usifikirie Jumamosi, fikiria mkono.

Lakini huyu Kaloyan, alifikiri, huyu mtoto wa watu mwenye skafu ndani ya nyumba, jana alikuja karakana akiwa na mwisho mpya wa mchezo, anasema, "Nimeota, Donka," na mwongozaji akiota wengine hawalali, anasema kwamba msagaji aliyekufa asiondoke, katika tukio la mwisho akae mezani, mjane ampakulie supu, wale pamoja, "watu wanataka arudi," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi kabisa, ya kweli, hilo ndilo baya, yalikuwa ya kweli, "watu wamechoka na kuachwa, wape mtu anayerudi," naye Donka akamwambia sura ya kioo haishiki kijiko, Kaloyan akasema, "Wewe utaweza, wewe unaweza kila kitu," na yeye akanyamaza akapiga msumari ambao haukuwa na haja ya kupigwa, kwa nini alinyamaza, angesema, angesema nani amekwambia kwamba aliyeachwa anataka arudi, umemuuliza? umewahi kumuuliza mwanamke mmoja, mmoja tu, anayepakua supu peke yake, kwamba mama, akitokea sasa hapo jikoni utampa kijiko au utampa nini? mjane afadhali, mjane mumewe ameitwa na Mungu, hakukuwa na hiari pale, lakini wapo wanaoondoka na pumzi zao zote, na mafua yao, na soksi zao… "Donka, unakunja uso," alisema Metodi, "msagaji anaonekana kama anataka kuua mtu," na Kaloyan akadakia, "Hapana, mwache, nzuri hiyo! hasira nzuri hiyo, lakini Donka, kuna upendo chini yake, tafuta upendo," tafuta wewe, alifikiri, njoo uutafute humu shimoni na tochi.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, ule wa nyuma, aliujua kwa mlio wake, kisha visigino vya kike juu ya sakafu ya mbao, vya haraka, na hivyo pia alivijua, Biliana, ambaye muda huu alipaswa kuwa kwa fundi anachomekwa pini kiunoni, harusi Jumamosi na gauni bado linaburura, amefuata nini huku mtoto huyu, tena leo asubuhi alipiga simu kutoka dukani kwake, ile famasi, akauliza kwa sauti tamu, "Mama, taa mnaweka mchana? Utakuwa shimoni muda mrefu?" na yeye Donka alifurahi, alifurahi kama mpumbavu, kwa sababu binti yake hajawahi kuuliza habari za kazi hii tangu alipokuwa mdogo, tangu… akamweleza kila kitu, ubao, mkanda, kwamba ukishalala pale huondoki mpaka Metodi aridhike, na Metodi haridhiki, wakacheka wote wawili… na nyuma ya visigino vile kulikuwa na miguu mingine, mizito, ya mtu anayetembea kwa kusitasita, mchumba wake, alidhani, Plamen, lakini Plamen hutembea kama mtu anayechelewa treni, na miguu ile ikasimama, na mtu akakohoa, mara mbili, kikohozi kifupi halafu kirefu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na uhakika nayo, na Donka akakijua, kwa sababu kikohozi kile alikilalia ubavuni miaka na miaka, kikohozi kile kilikuwa kikitoka nyuma ya pazia kabla ya kila onyesho, si ugonjwa, woga tu, Ognyan, mwanamazingaombwe mkubwa Ognyan, aliyekuwa akiogopa watu kila jioni ya maisha yake, na yeye ndiye aliyekuwa akimshika mgongo na kumsukuma nje kwenye mwanga… haiwezekani, alifikiri, yuko Rimini, Italia, yuko popote, amekufa, mara nyingi alimwua kichwani akiosha vyombo, "Samahani, mazoezi yamefungwa," ilisema sauti ya Kaloyan, "nyinyi ni nani?" na Biliana akasema, "Mimi ni binti wa Donka," na baada ya hapo, kwa sauti ya chini lakini ukumbi ule hauna siri, umejengwa ili mtu akinong'ona jukwaani asikike darini, "Na huyu ni baba yangu."

Kipaza sauti cha Metodi kilikuwa wazi, Metodi hakujua au hakujali, ukumbi mzima ukasikia akivuta pumzi na kusema taratibu, "Mwanaharamu wee," kisha kikazimwa kwa kishindo, na Donka hakusogea, mkono ulibaki juu ya kiti kisichokuwepo, vidole vimekunjika vizuri kama alivyomfundisha Rangel, kwa sababu mwili una akili zake, mwili ulifikiri, ukisogea ataona umesikia, ananiona, Mungu wangu, alifikiri, ananiona na mimi simwoni, yeye yupo gizani kwenye kiti cha kulipiwa na mimi niko huku kwenye mwanga, nimevaa koti la maiti, nimejipaka unga, siku zote nilizopanga siku hii nilikuwa nimesuka nywele, nilikuwa na lile gauni la kijani, nilikuwa nimesimama! kila mara nilikuwa nimesimama na yeye amekaa… na sauti yake ikaja, ile ile, sauti ya redio, ila imepungua chini kama gunia lililotobolewa, "Huyo ni Donka," ilisema, si kwa kuuliza, "hakuna mwingine anayeweka mwanga chini ya kidevu hivyo, angalieni, mzimu hana kivuli shingoni, hakuna mwingine," na alisema kwa kustaajabu, kwa heshima, na heshima ile ikamchoma kuliko tusi, unaniheshimu, unaniheshimu sasa, ulikuwa wapi na heshima yako, mwanamume akimwacha mke hubeba nguo zake, majirani wote wanajua hivyo, hata sinema zinajua hivyo, lakini wewe uliacha nguo zote kabatini, mashati saba ya kupiga pasi, ukabeba lile kabati jingine, kabati langu, lenye sakafu ya uongo niliyoipima nikiwa na mimba, nikiingia na kutoka, nikiingia na kutoka na tumbo hili, mpaka ikawa mtu yeyote anaweza kupotea humo bila kugusa ukuta, ulipakia kwenye lori ukasema unakwenda kufanya kazi ya msimu pwani, kwenye hoteli, utarudi matufaha yakianza kuanguka, na mimi nikakukunjia blanketi za kulizungushia lisikwaruzike, mimi! kwa mikono yangu! nikafunga na kamba, nikakwambia uangalie bawaba ya kushoto, na matufaha yakaanguka, yakaoza, theluji ikayafunika, ikaja kadi yenye picha ya bahari ambayo haikuwa bahari yetu.

"Donche," alisema Ognyan, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitumia, na Donka akahisi unga ukimwasha kwenye kope, usifumbe macho, atadhani unalia, "Donche, najua huwezi kusogea," na Biliana akamkatiza, sauti yake kavu, "Baba, ngoja, tulikubaliana naanza mimi," tulikubaliana! walikubaliana lini, kwa simu, kwa barua, wameonana wapi, walikaa kwenye mkahawa gani wakanywa kahawa wakikubaliana, huku mimi nikishona shanga kwenye shela lake kwa miwani miwili, "Mama, nisikilize tu, nakuomba," alisema Biliana, "ningekuletea baba nyumbani ungetoka kwa mlango wa nyuma, ningekwambia kwa simu ungekata, unajua ungekata, ungeingia karakana ukawasha msumeno, siku zote unawasha msumeno," na Donka akaelewa, polepole, kama mtu anayeelewa kwamba kiti alichokalia kimekatwa mguu, ile simu ya asubuhi, sauti ile tamu, utakuwa shimoni muda mrefu mama? mtego, amenitegea, mtoto wangu mwenyewe amenifanya niangalie mkono mmoja huku mwingine ukifanya kazi, na hasira ikapanda hadi masikioni, sasa si kwa yule mwanamume, kwa huyu, kwa huyu niliyemlea, niliyemvika, ambaye nilikesha naye akiwa na homa, na humohumo ndani ya hasira, bila kutaka, kikamchomozea kitu kidogo kibaya kinachofanana na fahari, kwa sababu mtego ulikuwa mzuri, ulikuwa safi, hakuna uzi uliobaki nje, akakikanyaga kitu kile, haukuwa wakati wake… "Metodi," aliita, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, ilikuwa ya kawaida kabisa, "umemaliza?" kipaza sauti kikakwaruza, "Bado, Donka… nikamtoe nje? niambie tu," "Fanya kazi yako," alisema, "mkono uko mahali pake?" na Metodi akasema kwa unyonge, "Uko, ila taa ya bega bado kali," "Basi ipunguze," alisema, na akasikia Kaloyan akikaa, kiti kikilia, akamsikia kabisa akinong'ona peke yake, "Mungu wangu," mtu mwenye ndoto, si ulitaka mtu anayerudi, huyo hapo, mpakulie.

Biliana alikuwa akisema habari za mtu fulani aliyemtafutia anwani, mteja wa famasi mwenye dada Italia, na kwamba alimwandikia yeye mwenyewe, si baba aliyeanza, mimi niliyeanza mama, naye Donka alisikia nusu, kwa sababu nyuma ya sauti hii ya mwanamke mwenye duka na mchumba kulikuwa na sauti nyingine, ya mtoto wa darasa la pili, ikipita ndani yake kama ukuta unavyoonekana kupitia mzimu, mtoto amesimama katikati ya karakana na nguo ya kulalia, anagonga mbao, kila ubao, kila sanduku, tok tok, anaweka sikio, "Baba, toka, mchezo umeisha," kwa sababu mtoto yule alikuwa ameona kwa macho yake njiwa wakipotea mikononi mwa mama yake, na sungura, na mara moja jirani mzima, mama Stanka na mfuko wake wa vitunguu, alipotea kwenye sebule yao kabati lilipojaribiwa na akarudi akicheka, basi baba alipopotea mtoto hakuuliza amekwenda wapi, aliuliza, "Mama, umemficha wapi?" na Donka alisema baba yuko kazini, na alisema baba yuko mbali, na mwishoni alisema ukweli wote, na ukweli haukusaidia kitu, mtoto alimwangalia kwa uvumilivu, kama unavyomwangalia mtu asiyetaka kutoa siri ya mchezo wake, na siku moja, akiwa anasukwa nywele, akasema, "Mrudishe tu, mama, sitamwambia mtu ulivyofanya," na hapo ndipo, siyo kwenye kadi ya bahari, siyo kwenye kitanda kipana, ni hapo, na kitana mkononi, Donka alipojua chuki ni kitu cha namna gani, ina ladha, ina uzito, kwa sababu yule mwanamume hakuondoka tu, aliondoka na kumwacha yeye na lawama yake ndani ya macho ya mtoto, na hakuna kioo, hakuna mahameli nyeusi, hakuna kamba katika kazi yote hii inayoweza kumwondolea mtu jambo kama hilo… na baadaye mtoto aliacha kugonga mbao, na aliacha kuingia karakana, na aliacha kuuliza kazi inaendaje, na akaenda kusomea dawa, vitu vyenye maandishi juu ya chupa yanayosema kilichomo ndani.

"Donche, kabati bado ninalo," alisema Ognyan, na alipiga hatua moja mbele, viatu vyake vilikwaruza, "sijalibadilisha hata msumari, watu walitaka kulinunua, nikakataa, bawaba ya kushoto nimeitia mafuta kila mwezi, ulivyosema," na alisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, ana hakika ni zawadi, amebeba kutoka mbali, na kwenye kifua cha Donka kikapita kicheko kilichokataa kutoka, bawaba! ametunza bawaba! mtoto alipata surua, alipata tetekuwanga, alivunja mkono kwenye barafu mbele ya shule, na bawaba ilikuwa ikitiwa mafuta, na yale maneno yote aliyoyapanga miaka yote hii, kwenye foleni, kwenye basi, akikoroga gundi, hotuba nzima zenye vituo na mkato, aliyatafuta sasa na hakuyakuta, yalikuwa yameandikiwa mtu mwingine, mtu mrefu zaidi, mtu wa kutetemesha, na huyu hapa gizani anazungumza habari za mafuta… "Nilikuwa naogopa," alisema Ognyan, "sina la kusema zaidi ya hilo, kila mwezi niliochelewa kurudi uliufanya ujao kuwa mgumu," kisha akasema, na hapo sauti ikapata nguvu kidogo, ikapata ule upole wake wa zamani wa kumkabidhi mtu mzigo, "Biliana ameniomba niende naye kanisani Jumamosi, nimwingize mimi, nimemwambia siwezi kusema ndiyo mpaka wewe useme, ni haki yako, Donche, ukisema nirudi nilikotoka, narudi leo, kuna basi la jioni, nafasi ninayo, ukisema nibaki, nabaki," na Biliana akasema haraka, "Baba, hatukukubaliana hivyo."

Tena, alifikiri Donka, tena mimi! na damu ikampiga kichwani mpaka taa ya Metodi ikawa nyekundu, tena mimi ndiye wa kumpoteza na mimi ndiye wa kumtoa, akikaa ni Donka kamweka, akiondoka Donka kamfukuza, na mtoto atakuwa amesimama na shela lake mlangoni mwa kanisa akigonga mbao, amenivisha tena koti lile lile, na anadhani ni adabu, anadhani huo ndio uungwana, kuniachia mimi neno, maskini, labda kweli anadhani hivyo, labda maisha yake yote hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kwenda kwa miguu yake mwenyewe na kurudi kwa miguu yake mwenyewe na kusema ni mimi niliyefanya… "Ognyan," alisema, na lilikuwa jina tu, halikuwa na moto aliotarajia, "sikiliza vizuri, maana niko chini na sitasema mara mbili, mimi sikukuficha, sikukutuma, sikukuita, na sitakutoa, usiniulize mimi mambo ya Jumamosi, muulize aliyekualika, na akikujibu, jibu ni lake, likiwa zuri ni lake, likiwa baya ni lake, na wewe ukikimbia tena utakimbia mbele ya watu, kwa jina lako," na akavuta hewa, unga ukaingia kooni, akakohoa vibaya, mzimu mzima ukakohoa, na Metodi, bila kuambiwa, hakusema usisogee.

"Mimi nilishamwambia ndiyo, mama," alisema Biliana, na ule ukavu ulikuwa umeondoka sautini mwake, "nilimwambia ndiyo kabla ya kupanda naye ngazi, sikuja kukuomba ruhusa, nilitaka tu usikie kwangu, usisikie kwa watu pale kanisani… na nilitaka, sijui, nilitaka uwe mahali ambapo lazima unisikilize mpaka mwisho, nimekosa?" na sauti ikapasuka kwenye neno la mwisho, na Donka akashtuka, kwa sababu muda wote huu masikio yake yalikuwa yamemtafuta yule mwanamume gizani, kila mguno wake, kila hatua, alikuwa akimchora kichwani, amezeeka kiasi gani, ana nywele au hana, amevaa nini, na hakuwa amejiuliza hata mara moja binti yake amesimamaje, na alikuwa hapohapo, amelala chini ya kioo kikubwa kuliko nyumba, na kioo ni kitu cha haki, anayekuona ndani yake nawe unamwona, kinachokosekana ni mwanga upande wake tu, na yeye ndiye aliyeagiza giza la ukumbi, kwa ajili ya mzimu, yeye mwenyewe… "Metodi," alisema, "washa taa za ukumbi," "Zote? Tutapoteza kila kitu, Donka, tutaanza upya," "Zote," akasema, na akasikia swichi moja baada ya nyingine, tak, tak, na kule juu ndani ya kioo kilichokuwa cheusi pakaanza kuingia viti vyekundu, safu juu ya safu, hafifu, kama vitu vinavyopanda kutoka chini ya maji, na Kaloyan amejikunyata na skafu yake mdomoni, na mwanamume mmoja mfupi, kwani alikuwa mfupi hivi? mwenye koti la mvua, ameshika kofia kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu aliyeitwa ofisini, macho yake yakitafuta jukwaani ambako sasa hapakuwa na kitu, kiti tu na jiko tu, na Donka alimwangalia kwa muda aliohitaji, ambao haukuwa mrefu, bado alikuwa na hasira, ilikuwepo yote, ila sasa ilikuwa na ukubwa wa mtu yule, ilimtosha yeye na koti lake la mvua, haikubaki ya kumwagikia mwingine, kisha akahamisha macho, na upande wa kushoto, mbali naye, hakusimama karibu naye hata kidogo, alikuwa Biliana, pini za fundi bado zinamemeta kiunoni chini ya koti lililo wazi, ameshika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe, kama siku ya kwanza ya shule, na hakuna aliyekuwa akimtazama, "Donka," alisema Metodi, "umepotea kabisa huko, hatukuoni hata kidogo," na Donka hakuinuka, hakugusa mkanda, aliuacha mkono wake ulipokuwa, akasema, "Mimi namwona," na akaendelea kumtazama…